Mtu wa Ndama Aliyezijua Barabara za Nebraska

Ukitaka kumchokoza Mwalimu, mwambie umetoka safari. Hatakuuliza umekula nini huko wala umemwona nani. Atakuuliza ulipita barabara namba ngapi.

Alirudi hapa mfanyabiashara mmoja wa vitenge, mtu wa Muleba mwenye duka Kayanga, ametoka Dubai. Alikuwa anatembea kwa kunyanyua miguu juu kama jogoo kwenye matope, maana ardhi ya Karagwe ilikuwa haimstahili tena. Tulimzunguka watu kama mia tatu. Nikipunguza sana, tulikuwa saba. Akatusimulia maghorofa, akatusimulia baridi ya madukani. Mwalimu akamwacha amalize, kisha akauliza taratibu:

"Kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini mlishika barabara namba ngapi?"

"Ah, Mwalimu! Mimi nilikaa kiti cha nyuma, nitajuaje?"

"Basi hukwenda. Ulipelekwa."

Tulicheka mpaka mtu wa Muleba akafunga duka mapema. Mwalimu mwenyewe hakucheka. Yeye hakuwa amekwenda wala kupelekwa. Tangu nimfahamu, miaka kumi na mitano sasa, hajalala nje ya kijiji chetu cha Ndama hata mara moja. Na barabara alizozijua kuliko dereva yeyote aliye hai zilikuwa za Nebraska, jimbo la Marekani lililo katikati ya nchi ile, mbali na bahari zote mbili. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja: akae kiti cha mbele cha gari, aingie Nebraska kwa upande wa mashariki, atokee upande wa magharibi. Baada ya hapo, alisema, hata mkinizika na viatu sitalalamika.

Habari za alizaliwa lini na kwa nani sitazigusa. Waliomzaa wamezikwa nyuma ya jiko lake, na kwa maoni yangu wameshasema vya kutosha.

Mimi nilimfahamu nikiwa na miaka thelathini na moja, fundi baiskeli wa stendi ya Kayanga, grisi imenipanda kutoka vidoleni hadi kwenye mawazo. Nilijiandikisha masomo ya jioni kwa sababu nilichoka kusainiwa barua na mdogo wangu. Tulisomea katika shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto. Nikikaa, magoti yananiziba masikio. Mwalimu aliingia saa kumi na moja kamili, koti la rangi ya udongo limemzidi mabega, kitabu kipana kiko kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Fungueni Nebraska."

Hatukuwa na Nebraska ya kufungua. Alikuwa nayo yeye peke yake: kitabu cha ramani za barabara za jimbo hilo, alichoachiwa na mgeni wa usharika aliyekuja zamani kutazama miche ya kahawa. Muhtasari wa masomo ulisema tusome kilimo katika nyanda za Amerika ya Kaskazini. Mwalimu aliingia kwenye nyanda hizo wiki ya pili, na mtihani ulitukuta bado tuko humo, tumepumzika kwenye makutano ya North Platte, hata mahindi yenyewe hatujayaona.

"Huko," alisema, chaki imenyooka kama fimbo ya askari wa barabarani, "barabara kuu zenye namba shufwa hulala, mashariki kwa magharibi. Zenye namba witiri husimama, kaskazini kwa kusini. Mtu hapotei, labda awe amekusudia."

Akatuchorea ya Themanini, inaingia Omaha, inapita Lincoln, halafu inaufuata mto Platte kwenda magharibi kutwa nzima bila kukutana na kilima cha kuitwa kilima. Akatuingiza Lincoln mjini, ambako mitaa imepewa herufi tupu, na mtaa wa O umeupasua mji katikati. Mama mmoja muuza maandazi, mwanafunzi mwenzangu, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, huko mtaa wa O wanauza nini?"

"Wanachouza sijui. Najua kwamba ukielekea kaskazini kidogo unaukuta mtaa wa P."

"Na P wanauza nini?"

"Mama, wewe utafeli."

Hakufeli. Karibu nifeli mimi. Swali lilitaka tueleze faida za barabara za lami nchini mwetu, nami nikajaza kurasa mbili nikieleza kwamba faida kubwa ni kuwekewa namba kila mahali pa kutokea, kulingana na maili. Nilipata D. Ile D ninaiheshimu hadi leo, maana ninaamini msahihishaji alinionea huruma akidhani nimewahi kuishi huko na nimerudishwa.

Nyumbani kwake ndiko ilikokuwa Nebraska hasa. Kibanja chake ni kikubwa, migomba na kahawa na maharage chini, na kila njia ya kupita ndani yake aliipa namba kwa chokaa juu ya jiwe. Namba shufwa zimelala, witiri zimesimama. Usicheke; watu wote tulizitumia. Siku moja nilifika kuchukua mkungu wa ndizi alioniahidi, nikamkuta mke wake, ambaye sote tulimwita Mama, anamenya mihogo.

"Shikamoo, Mama. Ndizi zangu ziko wapi?"

"Marahaba, Fundi. Shika Ishirini, ukifika Themanini na Tatu pinda kushoto. Uangalie, pale makutano nimemfunga beberu."

Nilikwenda na kurudi bila kuuliza mtu. Katika kibanja kile ungeweza kutoka Omaha ukafika mpaka wa Wyoming kwa dakika nne, na viatu vikajaa maua ya maharage. Mama alikuwa anaanika nguo katikati ya jimbo. Mwalimu alilalamika kwamba shuka zinazuia magari.

Sasa nikueleze kwa nini mtu wa namna hiyo alikuwa hasafiri, maana wengine walidhani ni woga, wengine walidhani ni ubahili.

Alikuwa omusika. Kwa asiye wa kwetu: baba anapofariki, ukoo unamketisha mwana mmoja kwenye kiti chake, unampa mkuki wake, unamvika koti lake, na tangu siku hiyo kibanja chenye makaburi kiko mikononi mwa mwana huyo. Hakiuzi wala hakihami. Katika ukoo wao kulikuwa na nyongeza moja, sijaisikia kwingine: nyumba ile isilale hata usiku mmoja bila mtu wa damu yao ndani, na moto wa jikoni usipoe. Mwalimu aliketishwa akiwa na miaka ishirini na mbili, ametoka tu chuo cha ualimu. Lile koti lililomzidi mabega ndilo hilo. Mabega ya baba hayakuwa yake, na hakukua akayafikia.

Serikali ilimpa uhamisho, akafundishe Nkwenda kule Kyerwa. Akaomba abaki. Mwaka mwingine wakampa ukuu wa shule Rugu. Akaomba abaki. Afisa mmoja akamwita ofisini.

"Mwalimu, unakataa cheo kwa sababu gani ya maana?"

"Lazima nilale nyumbani."

"Hata mimi napenda kulala nyumbani!"

"Wewe unapenda, Mheshimiwa. Mimi nimeambiwa."

Akaacha kazi ya serikali, akabaki na darasa la jioni na kahawa. Jua lilikuwa mwajiri wake. Alialikwa Rugera kwenye arusi ya mwanafunzi wake, akapewa nafasi ya kuwaasa maharusi mbele ya umati ambao mimi ninaukadiria kuwa nusu ya mkoa. Aliongea vizuri, wamama wanafuta macho. Akamgeukia bwana arusi: "Na wewe, kijana, kitu kimoja usije ukathubutu..." Hapo akatupa jicho magharibi, akaona jua lilipofika, akaweka kipaza sauti chini, akaondoka mbio kutafuta bodaboda. Bwana arusi yule ana watoto watatu sasa na hajui asithubutu nini.

Ukimpa lifti alifurahi kama mtoto. Alikaa mbele, mikono juu ya magoti, macho yanaila barabara. Lakini kila baada ya kona aliuliza saa. Nilimwambia mara moja, "Mwalimu, koti hilo livue tu, ulitundike kwenye mgomba, twende zetu Mwanza." Akatabasamu. Akasema jambo ambalo sikulipenda: "Nimeshalivua mara nyingi, Fundi. Huwa nalivua kila nikifungua kitabu."

Na mtu huyu huyu alikuwa mkali kwa wanaobaki. Mwanafunzi akimaliza akakaa kijiweni, Mwalimu alimsema mpaka ahame. Ametawanya watu kutoka Ndama hadi Dodoma, kazi ambayo hata njaa haijawahi kuifanya. Mimi tu ndiye niliyemshinda, nikamwambia baiskeli zikinifuata nitaondoka.

Halafu barua ikaja. Usharika wetu una urafiki na usharika mmoja wa huko huko Nebraska, na safari hii wageni walitaka wapokee watu wanne kwa wiki tatu. Mchungaji hakuhangaika kutafuta jina la kwanza. Mwalimu alipata pasipoti, akapata viza, Dar kwa ndege asubuhi na kurudi kabla ya usiku, akapata na sanduku la kuazima lenye gurudumu moja. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu: nani atalala katika nyumba ile wiki tatu.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, anakaa Mwanza. Damu ileile, usingizi uleule. Akapigiwa simu.

"Nakuja, kaka. Basi la Ijumaa."

Karakana yangu inatazama stendi, kwa hiyo nilimwona Mwalimu Ijumaa ile anakuja kumpokea, amechana nywele. Basi likashusha watu, likashusha magodoro, likashusha kuku. Mdogo hakushuka. Akapigiwa. "Kaka, kuna mambo kidogo hapa. Ijumaa ijayo." Ijumaa iliyofuata Mwalimu alikuja tena, akasimama palepale. Abiria wa mwisho aliposhuka akaendelea kutazama mlangoni, mpaka kondakta akamuuliza kama anasafiri. Ijumaa ya tatu simu iliita haikupokelewa, na safari ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili.

Ukoo ukaita kikao. Mimi si wa ukoo wao, ila nilikuwa na cheti cha masomo ya jioni, na mwandiko wangu ulikuwa umeshaanza kuogopwa Ndama nzima, wakanipa ukatibu. Niliona yote.

Mzee wa ukoo alisafisha koo. "Mwalimu, wiki tatu ni wiki tatu. Nyumba ya baba yako italala na nani?"

"Na mke wangu."

"Mke wako tunampenda. Lakini ni binti wa watu wengine. Wale waliolala pale nyuma hawamjui."

Sauti ikatoka jikoni, na sufuria pamoja nayo. "Hawanijui! Miaka ishirini na sita napalilia juu ya vichwa vyao, hawanijui! Kuni nakata mimi, moto nawasha mimi, kumbe moto wenyewe si wangu!"

Mzee aliniambia hilo nisiliandike. Nimeliandika.

Ndipo aliposimama Asimwe, binti yao, mtoto wao wa pekee, miaka ishirini na mbili. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na anasubiri chuo. Akapiga goti kama inavyopasa, lakini macho hakuyainamisha.

"Wazee wangu, mimi ni damu yenu. Nitalala mimi. Taata aende." Taata kwetu ni baba.

Wazee wakatoka nje, wakanong'ona, wakarudi. Nilitegemea wakatae, kwa sababu ni mwanamke. Hawakukataa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Inawezekana," alisema mzee. "Siku hizi inawezekana. Mdogo wako ni mwana wa marehemu, angelala tu. Ila mjukuu hatuwezi kumlaza pale kama mlinzi wa ghala. Ataketishwa. Atashika mkuki mbele ya makaburi, atavaa koti."

"Kwa wiki tatu?" Mwalimu akauliza.

"Mtu haketishwi kwa wiki tatu."

"Nikirudi?"

"Ukirudi utamkuta ameketi. Wewe utakuwa umepumzika, Mwalimu. Ukitaka kwenda Marekani nenda, ukitaka kuhamia huko hamia. Umetutumikia."

Mtu alikuwa anafunguliwa mlango uliofungwa tangu ujana wake. Nilitaka kusimama nimpigie makofi.

"Nimekubali," akasema Asimwe.

Mwalimu alivua koti. Alilishika kwa kola, akalinyoosha mbele yake, akamtazama binti yake kana kwamba anampima. Kisha akalivaa tena, mkono mmoja, mkono wa pili.

"Katibu, andika. Mimi siendi. Aende yeye."

"Taata! Nimekubali mwenyewe!"

"Na mimi nilikubali mwenyewe. Nilikuwa na umri wako."

Mzee alikasirika. "Unakataa kupumzishwa?"

"Nakataa mapumziko yangu yawe kifungo chake."

Asimwe alilia siku mbili. Usharika ukakubali kubadili jina, ila makaratasi yalianza upya na kundi lile likaondoka bila yeye. Aliondoka na kundi lililofuata, mwaka jana baada ya mavuno. Mzee wa ukoo naye hakukifunga kikao. Alisema binti akirudi tutaongea tena, labda kwa masharti mapya, labda wampokeze kiti kidogo kidogo huku anasoma chuo cha karibu, ili Mwalimu naye apate hata mwezi mmoja. Mwalimu alilisikia neno "mwezi mmoja". Sanduku la kuazima hakulirudisha. Alinipa nilitengenezee gurudumu la pili, nikafunga la baiskeli ya mtoto, likawa linatembea limeinama kama mlevi, naye akasema ni zuri sana.

Siku ninayotaka kumalizia ni ya wiki ya tatu ya safari ya Asimwe. Nilimpelekea Mwalimu baiskeli yake, breki mpya. Ilikuwa alasiri, Mama amekwenda kwenye kikundi chake, kahawa imeanikwa uani. Tumekaa barazani, simu ikaita, ya picha.

"Taata! Shikamoo! Fundi naye yupo? Shikamoo, Fundi!"

Huko kwao ilikuwa asubuhi. Alikuwa ndani ya gari, kiti cha mbele, kofia ya sufu kichwani.

"Tumeacha Themanini pale Grand Island, Taata. Tuko Namba Mbili sasa. Ngoja nikuoneshe."

Akageuza simu. Nikaiona na mimi. Nyasi za rangi ya simba, vilima vya mchanga vilivyolala chini chini, reli pembeni, na barabara imenyooka mpaka inakosa adabu. Mwalimu alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Sikuwahi kumwona ametulia vile. Hakutaja mji, hakutaja namba, wala hakuuliza saa.

"Nigeuzie," akasema mwishowe. "Barabara nimeiona. Nikuone wewe."

Uso wa Asimwe ukarudi, na haukuwa unacheka tena.

"Taata, kuna jambo. Hawa wenyeji wangu wamenitafutia nafasi chuoni. Lincoln hapo. Uuguzi, miaka minne. Wanataka nijibu kabla ya siku ya kupanda ndege." Akavuta pumzi. "Nimewaambia siwezi. Nikibaki huku, wewe hutatoka. Baba mdogo haji. Mimi ndiye niliyebaki."

Mwalimu aliangalia uani. Nilimwangalia yeye. Nikaona mkono wake umeshika nguzo ya baraza, umeishika kama mtu aliye ndani ya gari kwenye mteremko.

"Baki," akasema.

"Taata? Unakatika, sikusikii."

"Baki!"

"Unasemaje?"

Akanigeukia. "Fundi, wewe una sauti ya stendi. Mwambie."

Sauti ninayo kweli. Niliichukua ile simu, nikajaza kifua, nikapiga BAKI moja ambayo migomba iliinama, beberu akakata kamba, na ninaamini ng'ambo ya Rwanda kuna mtu alikuwa anaaga akaahirisha safari. Asimwe akacheka na kulia kwa pamoja.

"Nimesikia, Fundi! Nimesikia! Mwambie Taata kwamba..."

Mtandao ukakata.

"Amesikia?" Mwalimu akauliza.

"Amesikia."

"Amesema amesikia, au umedhani?"

"Mwalimu, amesema mara mbili."

"Piga tena, tuhakikishe."

Tukapiga, ikagoma. Tukapiga kwa namba yake ya kawaida, ile ya huku. Akapokea yule dada wa kwenye mtandao, akatueleza kwa upole wake kwamba namba tunayoipigia haipatikani kwa sasa. Na Mwalimu, ameishika simu kwa mikono miwili, akamwambia na yeye abaki.